Kibanja Ndani ya Kompyuta

Muhula uliopita, katika somo la Tafsiri, kila mmoja wetu alipewa matini ya kisheria aigeuze kwa Kiswahili. Wenzangu walipata mikataba ya ajira na hati za mauzo ya ardhi. Mmoja alipata kanuni za hosteli, tukacheka wiki nzima. Mimi niliangukiwa na mkataba wa mtumiaji wa gemu ya kompyuta, yaani ule ukurasa mrefu wa maandishi madogo ambao watu hubofya “Nakubali” bila kuusoma. Niliusoma wote kwa sababu ulikuwa na alama ishirini ndani yake, na kabla ya kufika mbali nilikwama. Kwenye tangazo la duka palikuwa na kitufe chenye neno la kununua. Ndani ya mkataba, kampuni ile ile ilisema kwamba mteja hauziwi gemu. Anapewa leseni ya kuitumia, leseni yenyewe haihamishiki, na kampuni inaweza kuisitisha.

Kiswahili si maskini wa maneno katika jambo hili. Kuna kununua, kukodi, kupanga, kuazima, kukopa, kuweka rehani, kupewa amana. Kila neno lina mipaka yake na watu wanaijua. Ukiazima sufuria kwa jirani unajua utairudisha, na ukipanga chumba unajua mwisho wa mwezi kuna mtu atagonga mlango. Lakini ukinunua sufuria, muuzaji akishapokea pesa zake habari yake imekwisha: utaipikia, utamwazima jirani, utaiuza, utamwachia mwanao, au utapandia maua. Hakuna fundi wa Katwe atakayekuja usiku kuhakikisha kwamba sufuria yake bado iko kwenye jiko lile lile. Hata “nina” tunayoitumia kila siku inasema hivyo kwa namna yake: mimi niko na kitu, niko pamoja nacho. Katika mkataba ule nilitakiwa kutafsiri hali ya mtu aliyetoa bei ya kununua, akapata haki za mwazimaji, kisha akalindwa kama mshukiwa. Neno moja la hali hiyo sikulipata.

Wapo watakaosema gemu ni mambo ya watoto na ya watu wenye nafasi, na kwamba chuo kina mambo mazito zaidi ya kuandikia insha. Basi nieleze kwa nini jambo hili lilinigusa hata kabla ya kazi ile ya tafsiri.

Januari 2021 tulikuwa nyumbani Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Shule zilikuwa zimefungwa kwa wengi wetu tangu Machi ya mwaka uliotangulia kwa sababu ya korona. Binamu yangu Isma, wakati huo ana miaka kumi na minne, alikuwa amenunua gemu ya kujenga mji. Alikusanya pesa miezi minne kwa kuuza mayai ya kuku wa mama yake, akampa shangazi mwenye kadi ya benki amlipie, kisha akaipakua kwa usiku tatu mfululizo kwa bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu. Laptopu ilikuwa ya baba yake, kuukuu, inapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Lakini gemu iliingia na ikacheza. Isma akajenga mji wake, akauita Kyaggwe Mpya, wenye hospitali tatu na bila kituo cha polisi hata kimoja.

Jioni ya tarehe 13 Januari, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilirudi tarehe 18. Wakati huo watu walikuwa na shida kubwa kuliko gemu: pesa za simu zilikwama, waandishi wa habari hawakuweza kutuma kazi zao, na watu waliokuwa na jamaa nje ya nchi walikaa na wasiwasi. Sisemi kilio cha Isma kilikuwa kizito kuliko hivyo. Nasema tu kwamba gemu ile ilikuwa ya mchezaji mmoja. Haikuwa na mpinzani aliyekaa nchi nyingine wala soko la kubadilishana mali. Kila nyumba na kila barabara ya Kyaggwe Mpya ilikuwa ndani ya laptopu ile ile iliyokuwa mezani. Alipoifungua, likaja dirisha dogo likisema leseni haiwezi kuthibitishwa, ajaribu tena akiwa mtandaoni.

“Dada, imekataa,” akaniambia. “Si nimelipa?”

Nyumba ya tatu kutoka kwetu, kijana wa jirani alikuwa na gemu ile ile kwenye flashi. Aliinunua mjini kwa shilingi elfu mbili, ikiwa imeshavunjwa kufuli. Yeye alicheza siku zote tano. Isma alikuwa akienda kwao kukaa nyuma yake na kumwelekeza wapi aweke daraja. Siku ya tatu aliniuliza, bila hasira, kwa nini yeye naye asinunue ile ya elfu mbili. Nikamwambia kuiba ni vibaya. Akasema, “Hata mimi nimeibiwa, dada, na aliyeniibia nilimlipa.”

Jina la gemu na la kampuni nayaacha, hayaongezi kitu kwenye hoja. Ila jibu la mtoto yule limekaa nami, na ninapowasikia watu wa kampuni hizi wakieleza kwamba kufuli zao zinawafunza watu kuheshimu kazi za wengine, namkumbuka mwanafunzi wao mmoja.

Kufuli zenyewe si mpya. Miaka ya 1980 gemu nyingi ziliuzwa kwenye kaseti, na yeyote mwenye vinasa sauti viwili aliweza kutoa nakala. Kampuni zikabuni vitimbi. Kimoja kiliitwa Lenslok: kipande cha plastiki chenye lenzi ambacho mchezaji alikiweka juu ya kioo cha televisheni ili herufi zilizovurugwa zisomeke. Gemu ya Elite ya kompyuta ya ZX Spectrum ilitoka nacho mwaka 1985, na baadhi ya wanunuzi walikuta ndani ya boksi lenzi ya gemu nyingine kabisa. Walikuwa wamelipa, na walifungiwa nje. Mwaka 1990, The Secret of Monkey Island ilikuja na gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia. Unalizungusha mpaka uso ulingane na ule ulio kwenye kompyuta, kisha unaandika mwaka unaoonekana kwenye kitundu.

Ninavipenda vitu hivyo vya zamani, pamoja na kero zake, kwa sababu moja. Ufunguo ulikaa kwa mnunuzi. Gurudumu la karatasi lilikuwa mkononi mwako. Ukimpa rafiki gemu, unampa na gurudumu lake. Kampuni ikifilisika kesho, gurudumu halijui.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale ufunguo ulipohamia kwa muuzaji. Septemba 2008 kampuni ya EA ilitoa Spore, gemu ya kuumba viumbe na kuwalea mpaka waende angani, ikiwa na kinga iitwayo SecuROM. Ilipotoka, gemu hiyo iliweza kuamilishwa kwenye kompyuta tatu tu. Ukibadilisha kompyuta mara kadhaa ndani ya miaka michache, jambo la kawaida kabisa kwa mtu wa mitumba, unapiga simu kampuni kuomba ruhusa ya kutumia kitu ulichokinunua. Wateja walikwenda Amazon wakaipa nyota moja moja kwa wingi, wengi wao bila kulalamikia gemu yenyewe. Baada ya siku chache EA ikapandisha idadi hadi kompyuta tano. Na wale ambao kufuli ilitengenezwa kwa ajili yao? Nakala iliyovunjwa ilikuwa imeshaenea intanetini kabla Spore haijafika madukani Marekani. Maharamia hawakuhesabiwa kompyuta hata moja.

Mwaka 2010 Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ilikwenda mbali zaidi. Toleo la kompyuta la Assassin's Creed II lilidai intaneti wakati wote wa kucheza, ingawa ni hadithi ya mchezaji mmoja. Mtandao ukikatika, mchezo unasimama. Mwezi ule ule wa Machi seva zao zilishambuliwa, na wanunuzi halali wakajikuta hawawezi kuingia. Nikisoma habari hiyo leo nacheka kidogo, maana walioibuni bila shaka walikaa katika mji ambao umeme na intaneti havina historia ya kukatika. Hawakumfikiria mtu wa Bweyogerere. Hawakuwafikiria hata wanajeshi wao walioko ng'ambo, wala mabaharia.

Halafu SimCity ya Machi 2013. Hapo wenye gemu walisema intaneti ni ya lazima kwa sababu hesabu nyingi za mji zinafanywa kwenye seva zao. Siku ya kwanza seva zilizidiwa. Watu waliolipa wakapanga foleni kuingia katika miji yao wenyewe. EA iliwapa gemu nyingine bure kama pole. Baada ya muda mfupi mtundu mmoja akaonyesha kwamba gemu inaweza kuendelea bila mtandao, na Machi 2014 kampuni yenyewe ikatoa sasisho la kucheza nje ya mtandao. Kilichokuwa hakiwezekani kikawezekana baada ya mwaka mmoja. Mtu akikuambia “haiwezekani” katika mambo ya programu, inafaa uulize kama anamaanisha “hatutaki”.

Kuna aina nyingine ya kufungiwa nje ambayo haina kelele. Diski za gemu za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, nyingi zilikuwa na kinga iitwayo SafeDisc. Ili ifanye kazi, ilihitaji kiendeshi kilichojificha ndani ya Windows. Kiendeshi hicho kilikuwa na tundu la kiusalama, na mwaka 2015 Microsoft ikatoa Windows 10 isiyokikubali, kisha ikakizima hata katika Windows za zamani kwa sasisho. Microsoft siilaumu, tundu ni tundu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mwenye diski halisi, yenye boksi na risiti, anaiweka kwenye kompyuta ya leo na haifunguki, hadi atafute kwenye intaneti faili ya kuvunja kufuli iliyotengenezwa na maharamia wa zamani. Mharamia ndiye amekuwa mtunza nyaraka.

Wahadhiri watanisamehe nikisema hapa ndipo wanapohusika nao. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Hebu fikirini fasihi ambayo vitabu vyake vingi haviuzwi popote na kuvirudufu ni kosa. Tungeandika historia yake kwa kutumia nini? Mwaka 2024 maktaba na watafiti waliomba ofisi ya hakimiliki ya Marekani iwaruhusu kuwafungulia wasomi gemu hizo kutoka mbali, kama wanavyofanya kwa nyaraka nyingine. Walikataliwa.

Sasa upande wa pili, ambao nimeusikia darasani kutoka kwa rafiki yangu anayetaka kuwa mtunzi wa programu, na ambao sina nia ya kuupuuza. Mwaka 2013 ndugu wawili wa Greenheart Games walitoa Game Dev Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya kutengeneza gemu. Waliiuza kwenye tovuti yao bila kufuli yoyote. Siku hiyo hiyo wakatupa wenyewe kwenye mitandao ya maharamia nakala yenye mtego: aliyeicheza bila kulipa, kampuni yake ndani ya gemu ilifilisika kwa sababu ya uharamia. Katika siku ya kwanza, asilimia 93.6 ya wachezaji walikuwa na nakala ya wizi. Waliolipa walikuwa 214. Baadhi ya wezi walikwenda kulalamika hadharani kwamba uharamia umezidi ndani ya gemu, wakauliza kama kuna njia ya kubuni kinga. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka.

Hapa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali kujua habari hiyo. Tumekulia kwenye vibanda vya video, filamu za kila nchi zikifasiriwa kwa Luganda na mafundi wa sauti, na sijui kama mwenye filamu aliwahi kupata senti. Wanamuziki wetu wanasikia nyimbo zao zikinakiliwa kwenye flashi kando ya barabara, wimbo kwa shilingi mia. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya mwaka 2006 inazilinda kazi hizo, programu za kompyuta zikiwemo, lakini flashi zinaendelea kujazwa. Kwa hiyo simwambii mtu aliyeandika programu miaka mitatu kwamba wizi hauumi. Unauma. Ninachokataa ni kwamba dawa ya kidonda chake apakwe mtu mwingine, tena yule aliyemlipa.

Na kufuli si zote sawa. Denuvo, kinga iliyobuniwa Salzburg nchini Austria na kujulikana tangu FIFA 15 ya mwaka 2014, kwa kawaida haimzuii mharamia milele, inamchelewesha. Kampuni nyingi huitumia kwa sababu gemu huuzwa sana katika wiki za kwanza, na baadhi huiondoa baadaye. Kufuli ya namna hiyo, ikiondolewa kweli, mimi naweza kuivumilia, kama ninavyovumilia mlinzi wa dukani anayeangalia risiti mlangoni. Simruhusu anifuate nyumbani. Hata hivyo kinga hizo zina gharama kwa mteja: mwaka 2021 wachezaji waligundua kwamba Resident Evil Village iliyovunjwa kufuli ilikwenda laini kuliko ile halali, iliyokuwa ikikwamakwama, na Capcom ikatoa marekebisho. Aliyelipa alikuwa amepewa bidhaa mbovu kuliko mwizi.

Kuna jambo dogo nililolipata wakati nikitafuta habari za Denuvo, likanishangaza. Mwaka 2018 ilinunuliwa na Irdeto, kampuni yenye makao Uholanzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa katika ukoo mmoja wa kibiashara na MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv. Irdeto ndiyo iliyotengeneza kinga ya kadi ndani ya ving'amuzi vyao. Yaani mjomba wangu Masaka, anayepigapiga king'amuzi mgongoni mwezi ukiisha na mpira umeanza, na kijana wa Berlin anayelalamika gemu yake inakwama, wote wameshikwa na mkono mmoja. Tofauti ni kwamba mjomba anajua analipia mwezi. Hakuna aliyemwambia amenunua Ligi Kuu ya Uingereza.

Turudi kwenye kununua. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wachapishaji Bobbs-Merrill dhidi ya wenye duka la Macy's. Wachapishaji waliandika ndani ya riwaya yao kwamba ni marufuku kuiuza chini ya dola moja; duka likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mwenye hakimiliki akishakiuza kitabu, hana mamlaka juu ya bei ya mauzo yanayofuata, hata akiandika onyo namna gani. Onyo lile la ukurasa wa kwanza ni babu wa mkataba nilioutafsiri. Babu alishindwa mahakamani. Mjukuu akajifunza: badala ya kuuza na kutoa onyo, akaacha kuuza kabisa, akabakiza neno tu kwenye kitufe.

Ulaya mambo yalikwenda mbele na nyuma. Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema kwamba leseni ya programu iliyolipiwa ya muda usio na kikomo inaweza kuuzwa tena na mnunuzi, hata kama ilipakuliwa. Chama cha watumiaji cha UFC-Que Choisir kikajaribu hoja hiyo kwa gemu, kikaishtaki Valve, wenye duka la Steam. Mahakama ya Paris ikakipa ushindi Septemba 2019. Mahakama ya Rufani ikaupindua Oktoba 2022. Huko California walichagua njia ya wapatanishi: sheria iliyotiwa saini 2024 na kuanza kutumika 2025 inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali, akitumia neno la kununua, amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Steam ikaanza kuweka maelezo hayo hata kabla ya tarehe. Ni ukweli, na ukweli ni bora kuliko uongo, lakini mpangaji akielezwa vizuri kwamba anaweza kufukuzwa wakati wowote, bado anaweza kufukuzwa wakati wowote.

Hapo ndipo nilipofikiria kibanja. Wenzetu wa Rwanda na Burundi katika darasa hawakuielewa mara moja, basi nieleze. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia machifu na wakubwa wengine ardhi kwa maili za mraba, ndiyo maana tunaiita mailo. Watu waliokuwa wakilima juu ya ardhi hiyo waliamka siku moja wakiwa na mwenye ardhi. Mpaka leo mtu anaweza “kununua kibanja”, akajenga, akazika wazazi wake hapo, na hati ikawa ya mwingine. Kilichowaokoa ni sheria. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliweka kikomo cha kodi ambayo mwenye ardhi aliweza kudai, na ikamzuia kumfukuza mkulima apendavyo. Sheria za ardhi za baadaye zikaendeleza ulinzi huo. Ile ya 2010 inasema mwenye kibanja hatolewi ila kwa amri ya mahakama na kwa sababu ya kutolipa busuulu. Migogoro bado ipo, kila mtu anajua, na magreda bado huja alfajiri. Lakini hakuna anayesema hadharani kwamba mwenye kibanja hana haki yoyote kwa sababu tu hati si yake.

Mnunuzi wa gemu ana kibanja, ila sheria yake ya 1928 haijaandikwa. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya mwaka 2014, ilizimwa seva zake Machi 31, 2024. Haikuwa na njia ya kucheza peke yako nje ya mtandao, kwa hiyo hata mwenye diski alibaki na kipande cha plastiki kinachong'aa. Mmarekani Ross Scott, anayetengeneza video kuhusu gemu, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Ombi lao rasmi kwa Umoja wa Ulaya lilifungwa Julai 31, 2025 likiwa na saini zaidi ya milioni 1.4. Hawaombi seva ziendeshwe milele. Wanaomba kwamba kampuni ikiamua kuondoka, iiache gemu katika hali ya kuchezeka, kwa mfano kwa kuondoa kufuli au kuwaachia watu programu ya kuendesha seva zao wenyewe. Kampuni zimejibu kwamba hilo litaongeza gharama. Huenda, kwa baadhi ya gemu. Kwa gemu ya mtu mmoja kama ya Isma, gharama ni kufuta dirisha dogo.

Mimi ningeongeza mambo mawili ambayo huko Ulaya hayazungumzwi sana. La kwanza, kufuli yoyote inayohitaji intaneti ijengwe ikijua kwamba intaneti hukatika, na si kwa saa moja tu. Mwezi mzima bila kuulizwa si mwingi kwa mtu aliyelipa. La pili ni urithi. Masharti ya Steam hayaruhusu akaunti kuhamishwa, hata kwa wosia. Kwetu mtu akifa, watu hukaa chini wakagawana mpaka majembe na masufuria. Kaka yangu mkubwa anasema maktaba yake ya gemu imemgharimu zaidi ya pikipiki yake, na pikipiki ndiyo peke yake itakayosomwa siku hiyo.

Katika kazi yangu ya tafsiri, mwishowe niliandika “kupewa ruhusa ya kutumia kwa malipo” kila mahali mkataba uliposema leseni, na kitufe nikakiandikia “Lipia”. Mwalimu alizungushia duara jekundu, akaandika pembeni kwamba matini ya asili ina neno la kununua na mfasiri hana ruhusa ya kusahihisha uongo wa mteja wake. Nilipata kumi na mbili. Bado tunabishana.

Isma sasa yuko Senior Six. Pesa zake za likizo iliyopita alizitumia GOG, duka lililoanzishwa na Wapolandi wa CD Projekt mwaka 2008 na ambalo huuza gemu bila kufuli: unapakua faili ya kusakinisha, unaiweka unapotaka, haimuulizi mtu kitu. Alinunua gemu ya zamani, ndogo, inayoingia kwenye bando la usiku mmoja. Faili ameiweka kwenye diski mbili. Moja iko kwenye mkoba wake wa shule, ya pili kaipeleka Masaka kwa mjomba, imekaa juu ya kabati karibu na king'amuzi.